Mutoto Asiyeogopa Masasi

Mwezi uliopita Mama Zaituni alikuja kutoka Uvira. Alishusha mifuko yake mbele ya mulango wangu, na kabla hajakaa, kabla hata sijamuletea maji, akauliza: "Komanda yuko wapi?" Binti yangu wa mwisho, aliyezaliwa baada ya vita, aliniangalia kwa woga, akafikiri huyu mwanamuke muzee anatafuta askari. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni miaka mingi hakuna mutu aliyemuita mwanangu Murhula hivyo. Jina lile lilinirudishia mwaka muzima kwa mara moja: harufu ya mbao mbichi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zikikauka juu ya bati, mashine ya kushonea ya Mama Zaituni ikiunguruma upande wa pili wa ukuta. Tulikaa mpaka jioni tukikumbushana. Mambo mengine yeye aliyakumbuka na mimi sikuyakumbuka, na kwa mengine tulibishana kabisa. Mahali tulipobishana nitasema, kusudi musomaji asifikiri kwamba mimi ndiye ninayejua. Niliacha masomo kwenye shule ya primere, na tangu hapo ninaandika tu jioni jioni mambo ya nyumbani, mengi ni hali ya hewa na kilichopikwa. Kwa hiyo sina hakika kama huu mwaka ninaweza kuuandika sawa. Ninajaribu.

Tuliishi Nguba, mutaa wa Bukavu, lakini si Nguba ya nyumba kubwa zinazoangalia ziwa. Nyuma ya nyumba moja kama hizo, ambayo wenyewe walikimbilia Ulaya, kulikuwa na kipande cha mulima kinachoshuka, na hapo bwana yangu Deo, ambaye ni seremala, alitujengea nyumba ya mbao. Upande mumoja wa ukuta tulikaa sisi, upande mwingine Mama Zaituni, mujane, mushonaji na muuzaji wa vitenge. Babu zake walitoka pwani ya mashariki wakaja kufanya biashara Uvira, na yeye bado alisema "mtoto" na "mji" vile wanavyosema huko. Wanawake wa parseli, kiwanja chetu kile, walimuchokoza: "Mama Zaituni, unasemaka kama redio!" Naye akawajibu: "Na ninyi mnasema kama redio iliyoishiwa betri." Deo hakupenda tukanyage udongo, kwa sababu udongo wa Bukavu wakati wa mvua unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Basi akapigilia mbao chini pia, ukuta mpaka ukuta, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama sahani. Wageni walivua viatu bila kuambiwa. Deo alijifanya haoni, lakini alikuwa anaona.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Muji ulikuwa mikononi mwa wale waliokuwa wameushika, na barabara ya kwenda Nyangezi ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ikifungwa, maharagi yanapotea sokoni na tunakula sambaza na bugali asubuhi na mangaribi. Murhula alikuwa anakaribia kumaliza miaka miwili, munene, mwenye nguvu, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na alikuwa hasemi hata neno moja. Watoto wa rika lake walikuwa wanasema "maman", "mai", "leta", na matusi madogo. Yeye alikuwa na sauti tu, kama njiwa. Na hapo ndipo mama mukwe wangu, ambaye sote tulimuita Koko, alipoingilia. Mara ya mwisho barabara ilipokuwa wazi alikuja kutoka upande wa Nyangezi kututembelea, akamuingiza mutoto kidole mudomoni baada ya kula, akainua ulimi wake kuelekea mwangaza wa dirisha, akasema: "Si munaona? Huu uzi wa chini. Ndio unamukamata." Kule kwao kulikuwa na muzee mumoja anayekata huo uzi kwa wembe. Nilipomuangalia Deo ili anisaidie, Koko alinyoosha kidole kwa Deo huyo huyo. "Huyu naye alikuwa bubu. Nilimupeleka, wakakata. Leo ananyamazaka?" Ni kweli, Deo hanyamazi. Hata akilala anatoa maoni. Koko akafunga kitambaa chake na kusema: "Barabara ikifunguka tena, nakuja kumutwaa mujukuu wangu."

Sitaki mutu amufikirie Koko vibaya. Alimupenda mutoto yule kuliko macho yake, na alikuwa na ushahidi: mwanawe alikatwa, na akasema. Mimi nilikuwa na ushahidi gani? Nilikuwa nimemuona mutoto wa jirani mumoja aliyekatwa hivyo akatoka damu mpaka wakamukimbiza hospitalini, na zaidi ya hapo nilikuwa na woga wangu tu. Basi mimi peke yangu katika Bukavu nzima nilitaka ile barabara ibaki imefungwa. Kanisani, padri alipoomba njia zifunguke, wote waliitika Amina kwa nguvu, na mimi niliitika pia, lakini polepole, kama mutu anayepiga chafya.

Jina la Komanda lilikuja siku moja mchana. Nilikuwa nimepakua, Deo amenawa, na masasi, milio ya risasi, yakaanza upande wa mulima, karibu kuliko siku nyingine. Tulianguka chini wote. Mama Zaituni aliingia kwetu akitambaa, mukasi mukononi. (Yeye anasema aliingia akitembea, tena kwa heshima. Tumebishana juu ya hilo mwezi uliopita na hatukumaliza.) Murhula peke yake alibaki ameketi mbele ya sahani. Alituangalia tulivyolala kifudifudi, akaona ni muchezo muzuri, akavuta sahani ya baba yake na kumalizia sambaza zake moja moja, akizishika mukia. Halafu akapanda mugongo wa Mama Zaituni na kuanza kumuendesha kama punda. "Shuka wewe, tutakufa!" Mama Zaituni alinong'ona kwenye mbao. "Deo, mwambie mwanao!" Deo naye: "Mie nasema nini, amekula chakula yangu yote." Tukaanza kucheka, masasi yanalia huko nje na sisi tunacheka midomo ikiwa juu ya sakafu. Yalipokwisha, Mama Zaituni alijikung'uta na kutangaza: "Hapa nyote ni waoga. Mwanaume ni mmoja tu, huyu Komanda." Kesho yake parseli nzima ilijua. Watu walikuja kumuangalia mutoto asiyeogopa masasi. Muzee mumoja alimupa mukono kabisa, kama wanavyosalimiana wakubwa. Na mimi nilijivuna, kwa nini nikatae? Mwaka ule kila mama alikuwa na mutoto anayeruka usingizini. Wangu alikuwa analala kama jiwe.

Kule kituo cha afya, siku ya kupima kilo, kulikuwa na muuguzi aliyeitwa Maman Esperance, mwanamuke mufupi anayevaa soksi ndani ya kandambili. Siku moja, baada ya kupima, hakutuachia twende. Alitukalisha kwenye mabenchi akasema wakubwa wake wanataka kujua kama watoto wa miaka miwili wanakua sawa, si kilo tu, lakini akili, miguu, masikio, mudomo. "Mie mutoto namuonaka kidogo tu, tena analia ju ya mizani," alisema. "Ninyi ndio munakaa naye. Kwa hiyo nitawauliza ninyi." Akaanza. Mutoto wako anakimbia? Mama wa kwanza akasema: "Huyu? Bado kabisa. Iko legelege tu." Anajua kuonyesha pua yake? "Ah, hajue kitu, huyu ni mujinga." Wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Mama mumoja alikuwa bado anaeleza kwamba wake hajaanza kutembea, na mutoto mwenyewe akapita mbele yetu mbio, amebeba kiatu cha mutu. Kwetu mama hamusifu mutoto wake mbele za watu. Macho ya watu ni mengi, na nani anajua lipi kati ya hayo ni jema? Ukiulizwa kama mutoto wako ni muzuri unasema ni mubaya, ndivyo tulivyolelewa. Maman Esperance aliweka kalamu chini. "Kufuatana na majibu yenu, Nguba muzima hakuna mutoto hata mumoja anayetembea. Nitawaambia nini wakubwa? Tuchimbe kaburi?"

Tulicheka mpaka watoto wakalia. Na sijui kama aliwaza muda murefu au lilimujia hapo hapo, lakini alisema: "Basi kila mumoja aseme juu ya mutoto wa jirani yake." Hapo chumba kiliwaka moto. Kumusifu mutoto wa mwingine hakuna hatari, na kumusengenya kuna utamu wake. "Wa huyu? Anasema mpaka unamufunga mudomo! Juzi alinitukana mie na bwana yangu!" "Wa yule anapandaka muti kama nyani, lakini kuita mama yake, zero." Mambo yalitoka ambayo mama wenyewe hawakuyajua. Mama Zaituni alikuwa amenisindikiza kwa sababu ya mwavuli wake, maana wangu ulikuwa umevunjika, na yeye ndiye alisimama kwa ajili ya Murhula. "Huyu ni Komanda," alisema. "Haogopi risasi. Juzi mji mzima uko chini, yeye anakula." Wote wakapiga makofi. Maman Esperance alicheka pia, na akiwa bado anacheka aliuliza: "Na mukimuita jina, kwa nyuma?" Mama Zaituni akanigeukia. Nikasema anakuja. Maman Esperance akasema: "Sawa. Lakini muangalie tena, kwenu, wiki hii, baba na mama, wote wawili. Baba asiniambie ni kazi ya mama. Mumuite asipowaona. Musimuguse. Halafu mukuje muniambie vile muliona, si vile munatamani."

Siku hizi ninaona vijana wanaume wakibeba watoto wao kwenda kupimwa, wanajibu maswali bila haya, na ninafurahi. Wakati ule Deo alikuwa pekee. Wenzake wa karakana walimucheka: "Deo amekuwa maman!" Yeye aliwajibu kwamba afadhali kuwa maman kuliko kuwa baba ya meza nzima ya walevi. Siku ile ile ya kituo cha afya, jioni, jua bado liko, alifika nyumbani na kujaribu. Murhula alikuwa amekaa chini akicheza na vipande vya mbao, mugongo kwa mulango. Deo aliingia, akaita: "Murhula!" Mutoto akageuka. Deo akatoka, akangoja, akaingia kwa nguvu, akaita tena. Akageuka tena, na kicheko. Mara ya tatu vilevile. Deo alimubeba, akacheza naye katikati ya chumba, akapiga ukuta: "Mama Zaituni! Komanda anasikia!" "Nani alisema hasikii?" sauti ikajibu kutoka upande wa pili. Nilipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese, na tukala kwa furaha, lakini mimi sikumaliza yangu. Kwa sababu, ona: kama mutoto anasikia na hasemi, basi kinachomuzuia ni nini? Ni ulimi. Basi Koko ana haki, na mimi nilikuwa mupumbavu, na wembe ungoje tu barabara. Habari njema ile ilikuwa mbaya kwangu. Nilimuangalia Deo akilamba vidole na sikuweza kumuambia.

Nadhani ilikuwa siku iliyofuata, au ile ya baada yake, Deo aliponiita kutoka karakana yake, banda la bati chini ya nyumba: "Maman Murhula, njo uone kitu." Sauti yake ilikuwa ya mutu ambaye amepima ubao na haukulingana. Murhula alikuwa amekaa juu ya lundo la maranda, yale mabaki laini ya mbao yanayotoka kwenye randa, anayarusha juu na kuyapokea kwa kichwa. Deo alisimama nyuma yake, akachukua sufuria ya zamani na nyundo, akaipiga. Mimi niliruka. Murhula alirusha maranda. Akapiga tena, karibu na sikio. Kuku wa jirani alikimbia, jirani mwenyewe akauliza kama ni vita. Murhula alirusha maranda. Deo akaweka nyundo chini, akamubeba mutoto, akapanda naye nyumbani bila kusema, jambo ambalo lilinitisha kuliko sufuria. Akamuweka sakafuni, akavua viatu. Alimuzunguka kwa vidole vya miguu, polepole kama mwizi, akaita jina lake kwa nguvu yote. Hakuna. Halafu akanyamaza kabisa, akainua mguu, akakanyaga mbao mara moja. Murhula akageuka na kicheko chake cha tumboni. "Ni mbao," Deo alisema. "Sakafu yangu ndiyo inatudanganya. Anatusikiaka na matako."

Sijui niandike nini juu ya dakika zile. Nilikaa chini, hilo najua. Nililia, na katikati ya kulia nilisikia kitu kingine kikipanda, na mara ya kwanza nilikikataa, lakini kilikuwa furaha. Si ulimi! Hata wembe wa dunia nzima hauna kazi hapo. Mutoto wangu hakuwa mujinga wala mukaidi, hakuwa amefungwa na mutu, wala hakuwa jasiri hata kidogo, masikini. Alikuwa tu hajapata kusikia masasi. Deo alikaa karibu yangu na kuanza kusema, na safari hii nilimuacha aseme. Alisema sasa anaelewa kwa nini Murhula anapenda kulaza shavu kwenye ukuta wa Mama Zaituni mashine ikishona. Alisema angepaswa kujenga kwa matofali. Alisema kwamba kama angejenga kwa matofali tungejua mapema, lakini mutoto angekosa muziki wake wote. Murhula alipoona tunakaa tu, aliingiza mukono kwenye mufuko wa baba yake, akatoa maranda yaliyobaki, akatumwagia kichwani wote wawili. Mama Zaituni aliingia kuuliza nani amekufa, akatukuta na maranda kwenye nywele tunalia na kucheka.

Tulimuambia Maman Esperance vile tulivyoona, mimi nikianza na Deo akimaliza. Akatuambia wazi kwamba kuangalia kwetu si kipimo cha daktari, akatutuma hospitalini, na huko walithibitisha: masikio hayasikii, yote mawili. Labda alizaliwa hivyo, labda ni homa aliyoipata miezi ya kwanza. Daktari hakujua na alisema hajui, na mimi nilimuheshimu kwa hilo. Maman Esperance yeye alikuwa na haraka ya jambo lingine. "Kichwa yake iko na njaa," alisema. "Musingoje masikio. Mumulishe kwa macho, na mikono, kuanzia leo." Basi tukaanza, bila mwalimu, kama watu wanaojenga nyumba bila kuona ramani. Mama Zaituni akapewa alama yake, mukono unaozungusha gurudumu la mashine. Deo akawa randa inayosukumwa. Sambaza ilikuwa kidole kinachoogelea. Mimi nilijipa alama ya kitambaa cha kichwa, lakini Murhula aliikataa. Siku moja aliniangalia, akakunja midomo na kupuliza vidole vyake: mutu anayepoza bugali. Huyo ndiye nilikuwa kwake, na niko huyo mpaka leo. Parseli nzima ilijifunza. Wanawake waliokuwa wanasengenyana kwa sauti waligundua kwamba kwa mikono ni salama zaidi, na sikumbuki kuona watu wakicheka vile katikati ya vita. Murhula leo ni seremala huko Kavumu. Anaweka kiganja juu ya ubao wakati kijana wake wa kazi anapiga randa, na anajua kama chuma cha randa kinauma sawa. Alikwenda shule ya wenzake wasiosikia akapata lugha kamili ya mikono, akacheka ile yetu ya Nguba, vile watoto waliosoma wanavyocheka Kiswahili cha mama zao.

Mwaka ule ule barabara ikafunguka. Watu walipiga vigelegele sokoni, maharagi yakarudi, na Koko akashuka kutoka kwenye gari la mizigo akiwa na kuku, viazi, na shuka safi la kumufungia mutoto mugongoni. Alikuwa ameshaongea na muzee wa wembe. Deo alianza kumueleza kabla hajakunywa maji, daktari, hospitali, mbao, sufuria, na kadiri alivyoeleza Koko alizidi kuinua kidevu. "Kwa hiyo daktari wa muji anajua mutoto wangu kuliko mie?" Deo akafungua mudomo tena na mimi nikamushika mukono. Nilikumbuka mabenchi ya kituo cha afya. Nikasema: "Mama, usituamini sie. Umuangalie weye mwenyewe. Umuite." Tulitoka nje, kwenye udongo, ambako Murhula alikuwa anafuata kuku mupya. Koko alisimama nyuma yake, akamuita kwa Kiswahili. Akamuita kwa Mashi, lugha ya kwao, jina la babu yake ambalo Koko mwenyewe alimupa, jina ambalo kwa akili yake mutoto hawezi kulikataa. Akapiga makofi. Akapiga ukelele wa kuita ng'ombe, mpaka madirisha ya nyumba kubwa za jirani yakafunguka. Kuku alisimama. Murhula hakusimama. Koko akaweka mikono kiunoni. Halafu akasema, si kwetu, kwake mwenyewe: "Ulimi haukatazi mutu kusikia." Akaingia ndani, akaomba maji.

Alikunywa, akaweka kikombe, na akatuambia kwamba hata hivyo anaenda naye. Deo aliruka. "Si ju ya wembe," Koko akasema. "Watu ya kwetu wananiuliza mujukuu wako iko namna gani. Nitawajibu nini, nimeambiwa na muji? Mimi namuona leo tu. Ninyi muko naye kila siku. Munipe mie pia siku." Deo alikataa kwa maneno mengi. Alikuwa anamujua mama yake, na alikuwa na kovu chini ya ulimi. Mimi nilimuamini Koko na sikumuamini, vyote viwili kwa wakati mumoja, na mpaka leo sijui ni kipi kilishinda. Labda ni yale maneno tu, munipe mie pia siku. Nilimufunga Murhula mugongoni kwake kwa mikono yangu. Nilimuonyesha Koko alama zetu zote, randa, mashine, sambaza, kupuliza vidole. Alizirudia kwa uso wa hasira, kama mutu anayejifunza nyimbo za kanisa la wengine, na wakaondoka.

Siku zile sikufanya kitu cha maana. Mama Zaituni alinipa kitenge nikipinde, nikakipinda upande usio wake. "Mwanamke atakata ulimi wa mtoto ambaye ameshamwita kama ng'ombe mbele ya majirani?" aliniambia. "Ana aibu yake yule. Tulia." Deo alipiga randa ubao mumoja mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Kisha siku moja asubuhi gari la mizigo lilisimama juu barabarani, nikapanda kilima mbio bila viatu. Koko alishuka, na mugongoni kwake Murhula, amenenepa, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimupokea. Nilikuwa na kipande cha ndizi mukononi, nikampa, na alipofungua mudomo niliinama kidogo nione chini ya ulimi. Nilifikiri ninafanya kwa ujanja. "Angalia muzuri," Koko alisema juu ya kichwa changu. "Umugeuze kwa jua." Uzi ulikuwa pale, muzima. Niliona haya, na Koko alicheka, na huo ndio wakati nilianza kumupenda bila woga.

Murhula hakuwa na nafasi ya haya zetu. Alikuwa anavuta kitambaa changu. Nilipomuangalia aliinua mikono yake na kufanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: vidole juu ya paji, halafu viganja vyote viwili vikafunika uso, halafu akazunguka huku akigonga huku na kule. Hakikuwa chetu. Hakuna mutu Nguba aliyemufundisha kile. Hadi siku ile kila alama aliyofanya mutoto wangu nilikuwa ninaijua kabla, kwa sababu nilimupa mimi, au kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yangu, chakula, maji, baba. "Anasema nini?" nilimuuliza Koko. "Mie sisemi," akajibu, anafungua mizigo yake. "Umuulize mwenyewe. Ni yeye alionaka." Basi nilipiga magoti pale barabarani, nikafungua viganja: nini? Aliniangalia vile mutu anavyomuangalia mugeni asiyejua lugha, akaanza tena, polepole, kwa ajili yangu. Vidole juu ya paji: pembe. Ndevu ndogo kwenye kidevu: mbuzi. Viganja vikazunguka kichwa: chungu. Mbuzi aliingiza kichwa ndani ya chungu, akashindwa kukitoa, akakimbia akigonga nyumba za watu. "Mbuzi!" nilipiga kelele, "alikwama ndani ya chungu!" na nikafanya pembe, na chungu. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Halafu akaona mudomo wangu bado unatembea, akanyoosha kiganja chake chenye vumbi na ndizi, akaniziba, kwa sababu hadithi yake ilikuwa haijaisha.